Kutoka Kwenye Kodi Hadi Ubaoni: Acheni Kuuita Ualimu Sadaka

Wiki hii siandiki kuhusu seva wala hifadhidata. Kuna jambo ambalo wenzangu wa fani hii hapa Eldoret wamekuwa wakiniuliza kila tukikutana, na nimechoka kulijibu vipande vipande kwenye simu. Basi nalijibu hapa mara moja, tena kwa kirefu. Chukueni chai.

Jambo lenyewe ni hili. Nina miaka 28, nina digrii ya sayansi ya kompyuta, na kwa miaka mitano nimekuwa msanidi programu. Naandika kodi (si ile ya nyumba :-)) nikiwa chumbani kwangu Kapsoya, mwajiri yuko mbali, na mshahara unaingia kwa wakati. Mwaka ujao wa masomo naiacha kazi hiyo nikasomee ualimu.

Majibu niliyopata ni ya aina mbili. Aina ya kwanza: "Umerogwa?" Aina ya pili: "Mungu akubariki kwa kujitolea kuwasaidia watoto wetu." Ya kwanza naielewa kabisa. Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu imevaa nguo za sifa lakini ndani yake mna dharau. Majibu yote mawili yanauona ualimu kama kazi ya chini, ambayo mtu mwenye ujuzi "halisi" huishukia, ama kwa wazimu ama kwa huruma.

Mimi napinga. Msimamo wangu ni huu: kufundisha kompyuta ni fani kamili, na mtu wa kodi anayehamia huko anapaswa kuingia kama mwanagenzi anayeanza mwanzo. Asiingie kama mfadhili anayetoa sadaka, wala kama mkimbizi anayetafuta pa kujificha. Akishindwa kuingia hivyo, ni heri abaki na kodi yake.

Ualimu si kimbilio

Tuseme ukweli kuhusu hali yetu kwanza. Wengi wetu tunaozungumzia "kwenda kufundisha" siku hizi tunazungumza kwa woga. Novemba 2022 ChatGPT ilitoka, na tangu hapo kila mtu ana hofu kwamba kazi yake itafanywa na mashine. Lakini dalili zilikuwepo hata kabla. Mnakumbuka Andela? Ilianzishwa mwaka 2014 ikiwa na wazo zuri sana: chukua vijana wa Afrika wenye vipaji, wafundishe, kisha waunganishe na kampuni za ng'ambo. Septemba 2019 ikawaachisha kazi wahandisi wachanga takriban 400 katika Nigeria, Uganda na hapa Kenya. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wateja walitaka watu wenye uzoefu, na soko la wachanga halikuwa kubwa kama walivyotarajia.

Simlaumu mtu hapa. Biashara ni biashara. Lakini tazama funzo lililomo: kila mtu anamtaka mhandisi aliyeiva, na wachache sana wako tayari kulipia moto wa kumwivisha. Moto huo lazima uwashwe mahali fulani. Kwa kawaida huwashwa shuleni.

Sasa basi, mtu aliyechoka na tarehe za mwisho za miradi, aliyeumwa mgongo kwa kukaa, anatazama shule kutoka mbali na kuona likizo tatu kwa mwaka na kengele ya saa kumi. Anajiambia, "Huko nitapumzika." Ndugu yangu, hutapumzika. Mwenye darasa la watoto hamsini na kompyuta kumi, ambazo tatu haziwaki, hapumziki. Programu ikikataa kufanya kazi unaweza kuizima, ukaenda kula, ukarudi. Mtoto wa Kidato cha Tatu hazimwi.

Hesabu ambayo hakuna anayependa kuipiga

Najua mnachosubiri: pesa. Haya, tupige hesabu.

Mwaka 2023, shule za sekondari msingi zilipoanza, Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) iliajiri maelfu ya walimu tarajali. Hawa wana digrii au diploma, wana nambari ya TSC, wanafundisha vipindi kama mwalimu mwingine yeyote. Posho yao ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Leba ikaamua kwamba mpango huo unakiuka haki zao. Mei mwaka huohuo wakagoma. Januari 2025 walimu tarajali wapatao 46,000 wakaajiriwa kwa masharti ya kudumu, na tayari nafasi nyingine 20,000 za tarajali zilikuwa zimetangazwa.

Mimi kwa sasa napata 140,000 kwa mwezi. Kwa Nairobi hiyo si ajabu, kwa Eldoret ni pesa. Kwa maneno mengine, mwezi mmoja wa kodi ni sawa na miezi saba ya mwalimu tarajali. Sina haja ya kulificha hilo, na simwamini mtu yeyote anayesema pesa si kitu. Aghalabu huwa ni mtu mwenye nazo.

Tena si pesa zangu peke yangu. Baba yangu ni mkulima wa mahindi upande wa Moiben. Kuna mwaka bei ilianguka akauza ng'ombe wawili ili nisikose muhula. Nilipomweleza uamuzi wangu alinyamaza muda mrefu, akakoroga chai iliyokuwa imekwisha kukorogwa, kisha akasema, "Kijana, tulikusomesha ili utoke shuleni, sasa unarudi?" Mama hakusema neno. Dada yangu mdogo yuko katika chuo cha ufundi, na karo yake nailipa mimi. Nikiyumba mimi, anayumba yeye.

Kwa hiyo sikuamua juzi kwa sababu nilitazama video ya kunitia moyo. Nimeweka akiba ya miezi 18, karo ya dada ikiwa ya kwanza kwenye orodha. Pikipiki niliyokuwa nikiiwazia nimeiondoa. Nimeongea na mwajiri wangu kuhusu kazi ndogondogo za likizo. Nawaambia haya yote ili mtu asisome makala hii, akasisimka, akaandika barua ya kuacha kazi kesho asubuhi. Tafadhali usifanye hivyo.

"Nina digrii, kwa nini nirudi shule?"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi kutoka kwa watu wa kodi. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inasema hakuna ruhusa ya kufundisha bila kusajiliwa. Na ili kusajiliwa ukiwa na digrii isiyo ya ualimu, unatakiwa uwe na masomo mawili ya kufundishia, matokeo ya kutosha ya KCSE katika masomo hayo, na stashahada ya uzamili katika elimu, yenye mazoezi ya kufundisha ndani yake. Wenzangu wanacheka: "Nimeunda mifumo ya malipo inayotumiwa na maelfu ya watu, halafu niende nikafundishwe kushika chaki?"

Ndiyo, uende. Na nitakueleza kwa nini kwa mfano mmoja.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikiendesha klabu ya kompyuta kila Jumamosi katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya mji. Siku moja niliandika ubaoni mstari ambao kila mtu wa kodi ameuandika mara elfu:

x = x + 1

Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu akainua mkono. "Mwalimu, hiyo haiwezekani." Na kusema kweli, yuko sahihi! Katika hisabati hakuna nambari iliyo sawa na nambari hiyohiyo ukiiongeza moja. Tangu darasa la kwanza amefundishwa kwamba alama ile ni mizani: kilicho kushoto na kilicho kulia vina uzito mmoja. Sasa anakuja mtu na kipakatalishi chake anamwambia mizani hiyo imevunjika.

Vitabu vingi hujibu kwa mfano wa sanduku: x ni sanduku, unatia nambari ndani. Ni mfano mzuri, ila una shimo lake. Sanduku hubeba vitu viwili. Kuna wanafunzi ambao, baada ya kuusikia mfano huo, huamini kwamba x ikiwa 5 kisha ukaipa 6, basi sasa imebeba 5 na 6 pamoja. Wanaandika programu kwa imani hiyo, na programu zinawakatalia, na hawajui kwa nini.

Mwalimu wa hisabati wa shule ile, mzee aliyefundisha zaidi ya miaka ishirini na hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa kodi, alikuwa amekaa nyuma akisahihisha madaftari. Akainua kichwa, akasema, "Waambie ni ubao wa mabao uwanjani." Basi! Timu ina mabao mawili, inafunga jingine, unachukua lile lililokuwepo, unaongeza moja, unaandika 3. Lile 2 halipo tena. Hakuna mtoto Eldoret nzima anayefikiri kwamba ubao unaonyesha mabao 2 na 3 kwa wakati mmoja. Darasa zima likacheka na kuelewa.

Mzee yule alikuwa na kitu ambacho mimi sina. Mwaka 1986 msomi wa Marekani aitwaye Lee Shulman alikitafutia jina kitu hicho. Hoja yake ni kwamba kulijua somo ni jambo moja, kujua mbinu za kufundisha kwa jumla ni jambo la pili, na kuna ujuzi wa tatu unaoishi kati ya hayo mawili: kujua wanafunzi hukwama wapi katika somo hili hasa, na ni mfano upi unaowatoa pale walipokwama. Ujuzi huo haumo katika digrii yangu. Haumo GitHub. Unatokana na kusomea ualimu, na kukaa karibu na watu kama yule mzee.

Kwa hiyo nasema TSC wasiuondoe mlango huo. Wewe msanidi mwenzangu, ungekubali mwalimu wa hisabati aje na kusukuma kodi yake moja kwa moja kwenye mfumo wa malipo wenye wateja, bila mtu kuikagua, eti kwa sababu ana digrii ya hisabati? Hungekubali. Basi na akili ya mtoto ni mfumo wenye mteja ndani.

Mashine tumenunua, watu je?

Eldoret ina ushahidi wake kuhusu jambo hili, na nashangaa tunavyoupita kila siku bila kuuona.

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, si mbali na hapa, ulianzishwa mfumo wa kompyuta wa kutunza rekodi za wagonjwa. Ulitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Baadaye, mpango wa AMPATH ulipokuwa ukipanua kliniki za wagonjwa wa virusi vya UKIMWI, mfumo ule ukawa mdogo. Mwaka 2004 likazaliwa wazo la OpenMRS, na mwaka 2006 programu hiyo ikaanza kutumika hapahapa Eldoret. Leo inatumika katika nchi nyingi, na mfumo wa KenyaEMR unaotumiwa na vituo vingi vya afya nchini umejengwa juu yake.

OpenMRS ni programu huria. Mtu yeyote anaweza kuipakua bila kulipa senti. Lakini fomu za kliniki hubadilika, dawa hubadilika, seva huharibika, na kila mara lazima awepo mtu wa karibu anayeelewa ndani ya mfumo mna nini. Kodi ilikuwa bure, mtu wa kuielewa hakuwa bure. Alifundishwa na mtu, kwa miezi, tena mara nyingi na mtu aliyeacha kazi zake nyingine ili amfundishe.

Sasa linganisha na shule zetu. Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Mwaka 2016 vikaanza kugawiwa vishikwambi badala yake, hatimaye zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi za umma. Chuo Kikuu cha Moi kilihusika katika kandarasi hiyo pamoja na kampuni ya Kireno ya JP Sá Couto, kwa hiyo hatuwezi kusema ni mambo ya Nairobi tu. Mwaka 2022 ukaidhinishwa mtaala wa Kodris wa kufundisha usimbaji katika shule za msingi na sekondari. Mwaka 2024 masomo ya sekondari msingi yakapunguzwa kutoka 14 hadi 9, na kompyuta ikaunganishwa na biashara ndani ya somo moja la ufundi.

Angalia mtiririko huo: vifaa, mtaala, kisha mpangilio mpya wa masomo. Kila hatua ilitangazwa kwa shangwe. Lakini swali la nani atasimama mbele ya darasa na kujibu "Mwalimu, hiyo haiwezekani" limekuwa likija mwisho. Mwalimu mmoja wa somo hilo lililounganishwa anatakiwa afundishe michoro ya kiufundi, biashara na kompyuta. Ni mtu hodari sana anayeweza kuvijua vyote vitatu kwa kina.

Na msiniambie tatizo ni vifaa peke yake. Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia wa shule ya kutwa ya Keriko katika Kaunti ya Nakuru, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani Machi 2019, yenye thamani ya dola milioni 1. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja, mtandao wa kubahatisha, na wastani wa wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Alikuwa akienda kwenye saiba, anahifadhi masomo kutoka intaneti, kisha anayatumia darasani bila mtandao. Msanidi programu angeiita hiyo akiba ya muda, au "kache". Yeye aliiita kujitayarisha kwa somo.

"Si ufundishe Jumamosi tu?"

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na sitaki kulipita haraka. Mwenzangu mmoja alinipigia hesabu: "Baki kazini, toa 20,000 kila mwezi ulipe mwalimu mwingine, na Jumamosi uendelee na klabu. Shule inapata watu wawili badala ya mmoja."

Hoja hiyo ina uzito. Marekani wameujaribu mfumo unaofanana nayo. Mwaka 2009 Kevin Wang, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mhandisi wa Microsoft, alianzisha mpango uitwao TEALS. Wahandisi hufundisha kompyuta katika shule za sekondari wakishirikiana na mwalimu wa darasa, wengi wao asubuhi kabla ya kwenda kazini. Lengo ni kwamba baada ya muda mwalimu awe na uwezo wa kufundisha peke yake. Ningependa kuuona mpango kama huo Uasin Gishu, na kama kuna kampuni inayosoma hapa, mpeni kila mhandisi wenu nusu siku kwa wiki. Haitawaua.

Lakini Jumamosi ina upungufu ambao nimeuona kwa macho. Anayekuja Jumamosi ni yule ambaye tayari anapenda. Ana hamu, pengine ana kaka mwenye simu nzuri, na huenda angejifunza hata bila mimi. Yule ambaye sijawahi kumwona ni yule wa Jumanne baada ya chakula cha mchana, aliyekaa dirishani, aliyeamua zamani kwamba kompyuta ni za watu wengine. Huyo haji klabu. Huyo hupatikana kwenye ratiba tu, na ratiba ni ya walimu.

Kuna na mradi wa KCSE. Mtihani wa somo la kompyuta una karatasi tatu, na ya tatu ni mradi ambao mwanafunzi huujenga kwa miezi. Huwezi kumlea mtu katika mradi wa miezi ukimwona saa mbili kwa wiki na kutoweka muhula ambao kazini kuna moto. Mtoto hujua haraka sana nani atakuwepo kesho.

Na mashine zinazoandika kodi zenyewe?

Wapo wanaosema, "Unaenda kufundisha jambo ambalo mashine tayari inalifanya." Mimi naona kinyume. Mashine hizi nazitumia kila siku, na ninachofanya zaidi sasa ni kusoma na kuhukumu: hii ni sawa, hii si sawa, hii inaonekana sawa lakini itaanguka mwisho wa mwezi wateja wakiwa wengi. Uwezo huo sikupewa na mashine. Niliupata kwa kuandika mwenyewe, kukwama, na kuwa na mtu wa kuniuliza, "Unadhani mstari huu unafanya nini?"

Mwanafunzi mwenye simu leo anaweza kupata programu nzima kwa sekunde kumi. Hakuna anayemuuliza swali lile. Kama hatutaweka watu wa kuliuliza, tutapata kizazi kinachoweza kuagiza kodi lakini hakiwezi kujua kimeletewa nini. Ni kama mtu aagize gunia la mahindi bila kujua kulipima unyevu. Wakulima wa hapa wanajua mwisho wake.

Ninachopendekeza

Kwa TSC na vyuo vikuu: mlango ubaki, lakini wekeni ngazi. Walimu walio kazini wamekuwa wakisoma digrii zao wakati wa likizo kwa miaka mingi. Tengenezeni njia ya namna hiyo kwa wataalamu wa kompyuta, wasome stashahada ya ualimu bila kulazimika kukata mshahara wote siku moja. Wengi wenye familia wangekuja. Na mtu mwenye digrii asiingie kwa posho ya 20,000 akiwa anafanya kazi kamili. Mahakama ilishasema lake. Mimi nasema tu kwamba kwa bei hiyo mtapata watakatifu na waliokosa pa kwenda, na shule haziwezi kuendeshwa na makundi hayo mawili peke yake.

Kwa msanidi mwenzangu anayewaza kuhama, mambo matatu:

1. Fundisha muhula mzima bila malipo kwanza, pamoja na ile wiki ambayo hujisikii. Siku moja ya kualikwa kutoa hotuba haihesabiki, kwa sababu siku hiyo kila mtu anakupigia makofi.

2. Piga hesabu na wale wanaokutegemea wakiwa mezani. Usiwaletee uamuzi uliokwisha kupikwa. Mimi na baba tulirudi kwenye mazungumzo mara nne. Hajafurahi bado, ila sasa anauliza nitafundisha shule gani.

3. Keti nyuma ya darasa la mwalimu mzoefu, hata kama anafundisha Kiswahili au kilimo, na uandike anachofanya. Kama baada ya vipindi vitano huoni cha kujifunza kwake, usihame. Utawaumiza watoto.

Nimeshapeleka maombi ya stashahada: hisabati na kompyuta. Huenda nikapangwa shule ya mbali, huenda nikakaa miaka bila kuajiriwa na TSC, na huenda 2030 mkanikuta nimerudi kwenye kodi nikilipa madeni. Yote yanawezekana, na nimeyaweka kwenye hesabu. Ila nikirudi, nitarudi nikijua kwamba nilikwenda kujifunza kazi. Asiseme mtu kwamba nilikwenda kutoa sadaka.

Wewe waonaje? Hasa nawataka walimu mseme. Watu wa kodi tumeshazungumza vya kutosha.